Siri ya Mtungi: Ujasusi wa Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki, Katika Riwaya na Katika Historia

Wengi wetu katika chama hiki tuliingia katika usomaji kwa mlango wa upelelezi. Kabla hatujatakiwa shuleni kuchambua dhamira na wahusika, tulikuwa tumekwisha kukesha na Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi, au tumemfuata Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla akivuta kiko chake na kuunganisha vijambo vidogo vidogo mpaka muuaji akakosa pa kujificha. Kwa hiyo lilipotolewa pendekezo kwamba muhula huu kikundi chetu cha usomaji kishughulikie riwaya za mafumbo ya kihistoria, hasa zinazohusu siri za vita, hakuna aliyepinga. Ubishi ulikuja katika kuchagua ni vita vipi.

Tulikubaliana juu ya vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, kwa sababu moja nyepesi: vimewapa waandishi wa Kiingereza visa vingi kuliko tulivyodhani. Tukasoma The African Queen ya C. S. Forester (1935), Shout at the Devil ya Wilbur Smith (1968), An Ice-Cream War ya William Boyd (1982) na Afterlives ya Abdulrazak Gurnah (2020). Sambamba na riwaya hizo tukasoma vitabu vya historia na kumbukumbu za watu waliopigana, tuone ni wapi mwandishi wa riwaya amechukua, na ni nini amekiacha.

Tulichokiona tunaweza kukisema mapema. Riwaya nyingi za aina hii huuliza ni nani kati ya Wazungu aliyeijua siri, na ni nani aliyemwibia mwenzake. Lakini ukifuatilia matukio yenyewe, unakuta kwamba siri kubwa za vita vile zilijulikana na vijiji vizima. Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wahenga, na katika vita hivi kata ilikuwa mvuvi, mpagazi, mpishi, mpiga kasia. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza kata.

Tuanze na Rufiji, maana huko ndiko kisa kilikonona.

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914, wiki chache kabla ya vita kuanza. Nahodha wake alikuwa Max Looff. Mwezi Agosti iliikamata na baadaye kuizamisha meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, katika bahari ya upande wa Omani. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikaibuka mbele ya bandari ya Unguja na kuipiga manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ili mitambo yake itengenezwe. Pegasus ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na baadhi yao wamezikwa Chapwani, kile kisiwa kidogo kinachoonekana ukiwa Forodhani. Baada ya hapo Königsberg ikapotea.

Kwa zaidi ya mwezi mmoja Waingereza waliisaka. Kwa wakuu wa jeshi la majini kule London hili lilikuwa fumbo hasa: meli ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita 100, yenye mabaharia zaidi ya 300, imeyeyuka wapi? Fununu ya kwanza ilipatikana Lindi. Waingereza wa manowari Chatham walipoipekua meli ya Kijerumani iliyokuwa imelala huko, Präsident, walikuta hati zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yamepelekwa Salale, ndani ya delta ya Rufiji. Mwishoni mwa Oktoba Chatham ikafika kwenye milango ya delta, mabaharia wakashushwa pwani, na wenyeji walipoulizwa walithibitisha kwamba meli ipo, huko ndani, nyuma ya mikoko.

Tusimame hapa kidogo. Mitambo ya Königsberg ilikuwa mibovu. Vipande vyake vizito vilifunguliwa, vikaburutwa kwa nguvu za watu kupitia barabara za vumbi na matope hadi karakana ya Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 160, vikatengenezwa, kisha vikaburutwa tena kurudi. Mamia ya vibarua walihusika. Watu zaidi ya 300 walikuwa wakila kila siku katika meli ile, na chakula hakikuota mikokoni. Matawi ya miti yalikatwa na kufungwa kwenye milingoti ili meli isionekane kwa mbali. Kuni zilikatwa. Mashua zilipita na kurudi. Sasa jambo kama hili ni siri ya nani? Tangu Septemba, mtoto wa Salale alijua kitu ambacho mkuu wa jeshi la majini la Uingereza alikuwa akikitafuta kwa usiku na mchana.

Kugundua meli ilikuwa nusu ya kazi. Manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia katika mito ile yenye maji madogo. Mwezi Novemba walizamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mlango mmojawapo ili Königsberg isitoroke, lakini Rufiji ina milango mingi. Januari 1915 wakaiteka Mafia, wakaifanya kituo chao. Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye kila kitabu juu ya kisa hiki humwita jasusi wa Rufiji: Pieter Pretorius, mwindaji wa ndovu kutoka Afrika Kusini, aliyekuwa na ugomvi wa siku nyingi na utawala wa Wajerumani.

Kwa maelezo yake mwenyewe, katika kumbukumbu zake zilizotoka miaka ya 1940, Pretorius alivuka kutoka Mafia pamoja na kikundi cha wenyeji, akaingia mikokoni, akaitafuta meli mpaka akaiona. Alikuwa ameungua jua na kudhoofika kwa homa kiasi cha kuweza kujifanya mfanyabiashara wa Kiarabu. Anasimulia pia kwamba alimpata mzee mmoja wa kijiji ambaye mwanawe alikuwa akifanya kazi ndani ya Königsberg, na kwa njia ya kumtembelea kijana huyo wakapata habari kwamba makombora ya chini ya maji yalikuwa yameondolewa melini. Kisha ikaja kazi ya kuchosha kuliko zote: kupima kina cha mikondo usiku kwa usiku, kwa mtumbwi na ufito, na kuandika jinsi maji yanavyojaa na kupwa.

Hatumkatalii Pretorius ujasiri wake. Angekamatwa angenyongwa. Lakini soma tena habari ile polepole. Aliyekwenda melini kuuliza habari ni baba. Aliyetoa habari ni mwana, na yeye ndiye aliyekuwa akilala kila usiku miongoni mwa watu ambao wangemuua wakijua. Walioshika makasia ni watu wa pwani ile, ambao hawakuhitaji ufito kujua tofauti ya maji ya bamvua na maji mafu, kwa kuwa ndiyo yaliyoamua siku ya kwenda kuvua na siku ya kubaki nyumbani. Pretorius aliyabadilisha maarifa hayo yakawa tarakimu ambazo ofisa wa Kiingereza angeweza kuzisoma. Hiyo ni kazi, tena kazi ya maana. Ila si kugundua.

Mwezi Julai 1915 vyombo viwili vya kivita visivyohitaji maji mengi, Severn na Mersey, ambavyo hapo awali vilijengwa kwa ajili ya mito ya Brazil, viliingia Rufiji. Tarehe 6 vilishindwa. Tarehe 11 vikarudi, ndege kutoka Mafia ikiwaelekeza wapiga mizinga, na Königsberg ikateketea. Wajerumani waliing'oa mizinga yake yote 10, wakaitia magurudumu na kuendelea kupigana nayo bara kwa muda mrefu. Waliovuta mizinga hiyo, bila shaka mmeshakisia, ni wapagazi. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus.

Wilbur Smith alikichukua kisa hiki, akaibadilisha meli jina ikawa Blücher, akawapa kazi ya kuiangamiza wawindaji haramu wa pembe za ndovu. Ni riwaya ya mbio, yenye kuchekesha na kutisha, na tusiwe wanafiki: tuliimaliza kwa siku mbili. Lakini kilele chake kinasema jambo. Ili bomu liingie melini, shujaa Mzungu anajigeuza na kujichanganya na vibarua weusi. Mwandishi aling'amua kwamba watu pekee walioweza kuingia na kutoka katika meli ile bila kutazamwa mara mbili ni vibarua. Ameliona wazi kabisa, kisha akaona heri ampake Mzungu rangi kuliko kumpa kibarua mmoja jina na akili.

Forester anatumia njia nyingine. Katika The African Queen wanakijiji wanachukuliwa na Wajerumani katika kurasa za mwanzo, mto unabaki mtupu, na Mwingereza mmoja na mwanamke mmoja wanateremka nao peke yao kwenda kuizamisha meli ya Kijerumani ziwani. Tukio lililo nyuma ya riwaya hiyo lilikuwa kinyume chake. Mashua mbili za Kiingereza, Mimi na Toutou, zilisafirishwa kwa meli kutoka Uingereza mwaka 1915, zikapandishwa reli kutoka Cape Town, kisha zikavutwa kupitia milima ya Katanga hadi Ziwa Tanganyika, kwa mitambo ya mvuke, ng'ombe, na mamia ya watu waliokata miti na kujenga madaraja. Mitambo ilipokauka, wanawake wa vijiji vya jirani walibeba maji vichwani kuijaza. Wajerumani nao walikuwa na siri yao: meli Graf von Götzen, iliyoletwa Kigoma vipande vipande kwa reli na kuungwa hapo hapo. Leo tunaiita Liemba. Kuna mwanachama mwenzetu ambaye bibi yake aliipanda, na hakuna kitu kilichomchosha katika mjadala huu kama kusikia Liemba inaitwa meli ya filamu.

Sasa tuingie katika habari ya mtu ambaye ametusumbua kuliko wote, kwa kuwa yeye mwenyewe anastahili riwaya ya upelelezi, na pengine amekwisha kuiandika akaiita shajara.

Richard Meinertzhagen alikuwapo Tanga mwezi Novemba 1914. Vita vya Tanga ni mfano mzuri wa siri isiyokuwa siri. Jeshi la watu wapatao 8,000 liliondoka India kuja kuteka mji, na habari zake zikaenea kabla halijafika. Halafu nahodha wa manowari Fox akaingia kwanza bandarini kuwaarifu wakuu wa mji kwamba mkataba wa kutoushambulia umevunjwa. Adabu hiyo ilimpa Paul von Lettow-Vorbeck muda wa kuteremsha askari wake kwa reli. Wakiwa takriban 1,000 tu waliwashinda Waingereza, ambao walirudi melini wakiacha bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Nyuki nao walishiriki, wakauma pande zote mbili, na baadhi ya Waingereza wakaamini kwamba Wajerumani waliwatega makusudi. Yaani hata nyuki wa Tanga walihesabiwa majasusi.

Baada ya aibu hiyo Meinertzhagen alikabidhiwa idara ya upelelezi ya jeshi la Waingereza Afrika Mashariki. Katika Army Diary, iliyochapwa mwaka 1960, anajisifu kwa mbinu ya karatasi chafu: watu wake walikusanya karatasi ambazo maofisa wa Kijerumani walizitumia vyooni, na miongoni mwake zikapatikana barua, amri na rasimu za ripoti. Msomaji hucheka, kisha hustaajabu. Kwa miaka mingi wanahistoria waliitumia shajara hiyo kama shahidi wa kuaminika, na waandishi wa riwaya wakawatumia wanahistoria.

Ila shahidi huyo ana doa. Meinertzhagen alikuwa pia mtaalamu wa ndege wa angani, na katika miaka ya 1990 watafiti walioikagua mikusanyo yake walithibitisha kwamba alikuwa ameiba ndege waliokaushwa kutoka makumbusho, akawabandika lebo mpya zenye mahali na tarehe za uongo. Mwaka 2007 Brian Garfield alitoa kitabu kizima, The Meinertzhagen Mystery, akionyesha kwamba shajara nazo ziliandikwa upya baadaye na kwamba mengi ya matendo yake makuu ama hayakutokea ama yalifanywa na wengine. Ndugu zetu Wanandi hawakusubiri kitabu hicho. Wanamjua tangu 1905 kama ofisa aliyemuua Koitalel arap Samoei katika mkutano ulioitwa wa amani.

Je, karatasi za chooni zilikuwapo? Inawezekana sana. Jambo hilo linaingia akilini. Lakini tazama: mkusanyaji wa karatasi hizo, mtu aliyeinama katika kambi ya adui usiku akifanya kazi ile ya kinyaa kwa hatari ya maisha yake, hana jina katika shajara ya kweli, wala hana jina katika shajara ya uongo.

Kivuli cha Meinertzhagen kinaangukia pia fumbo lingine, lile la meli ya angani. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo cha Zeppelin, L59, kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kikiwa na tani zipatazo 15 za dawa, risasi na vifaa kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, ambalo wakati huo lilikuwa limebanwa upande wa Makonde. Hakikutarajiwa kurudi. Kitambaa chake kingefanywa mahema, na mitambo yake ingetoa umeme wa simu ya upepo. Kilivuka Misri, kikafika Sudan, magharibi ya Khartoum, na hapo kikapokea amri ya kugeuka. Kilirudi Bulgaria baada ya kukaa angani saa 95 na kusafiri kilomita 6,757. Tarehe 25 Novemba Lettow-Vorbeck akauvuka Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Nani alituma ile amri? Kisa kitamu kinasema Waingereza waliigiza ishara za Wajerumani na kumdanganya nahodha. Kwa mwandishi wa riwaya hiki ni chakula kilichopikwa kikaiva, na siri ya chombo hicho ndiyo inayomsukuma mhusika mmojawapo wa Boyd kutoroka kutoka mikononi mwa Wajerumani katika An Ice-Cream War. Lakini ukiuliza habari ya ishara ya uongo imesimama juu ya nani, unarudishwa kwa Meinertzhagen yule yule. Maelezo makavu yana nguvu zaidi: Berlin ilipata habari kwamba askari wake wamesukumwa kutoka katika nyanda ambako chombo kingetua, ikaogopa kukipoteza, ikakiita kirudi. Katika kikundi chetu tuligawanyika. Wako waliosema riwaya ina haki ya kuchagua maelezo matamu. Sisi wengine tunaona Boyd alifanya vyema zaidi: alichukua siri, akaonyesha jinsi inavyowatesa watu wanaoijua nusunusu, akawacheka wanaojiona wanaongoza mambo.

Mjadala huo ulitufikisha mahali ambapo hatukupanga kufika. Sisi tunaoishi Uingereza tuna bahati ya kuwa karibu na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kule Kew. Faili zilizokuwa zimepigwa muhuri wa siri mwaka 1915 leo unaziagiza kwa kadi ya msomaji na unaletewa mezani. Siri ya aina hiyo ina umri. Miaka hupita, muhuri hufunguliwa. Hata shule ya Allidina Visram pale Mombasa, ambayo mwaka 1942 iligeuzwa kituo cha kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani baada ya Waingereza kukimbia Colombo, na ambako msimbo wa meli zao za biashara ulivunjwa, sasa imo katika vitabu. Atakayetaka kuandika riwaya juu yake ana pa kuanzia, tena nzuri: bahari, darasa, na watu wanaoandika tarakimu usiku kucha huku mji mzima ukidhani ni makarani tu.

Lakini yule kijana wa Königsberg hana faili. Hakufichwa, hakuandikwa tu. Idadi ya wapagazi waliofia upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa na wanahistoria kukaribia au kupita laki moja, na mji wa Dar es Salaam unalitaja jeshi lao kila siku kwa kusema Kariakoo, lakini orodha ya majina yao huwezi kuiagiza ikaletwa mezani. Mwandishi wa mafumbo ya kihistoria hufanya kazi katika pengo, na mapengo haya mawili hayafanani. La kwanza liliachwa na mtu aliyefunga mlango. La pili liliachwa na mtu ambaye hakuona kwamba kuna mtu.

Tena lugha ilikuwa moja. Hili lilitushangaza sisi wenyewe. Jeshi la Wajerumani lilikuwa likiendeshwa kwa Kiswahili, na King's African Rifles nalo likitumia Kiswahili. Askari aliyetekwa aliweza kusikiliza kila kitu kilichosemwa kambini kwa waliomteka, na wengi waliotekwa walibadilisha sare: kikosi cha sita cha KAR kiliundwa kwa kuwaandikisha waliokuwa askari wa Kijerumani. Fikiria mwezi wa kwanza katika kikosi hicho. Nani anamwamini nani? Riwaya ya ujasusi haihitaji zaidi ya hapo, na Musiba angejua la kufanya.

Gurnah katika Afterlives hachukui njia ya majasusi hata kidogo, na kwa maoni yetu ndiyo maana ameandika fumbo bora kuliko yote tuliyosoma. (Asiyeisoma aruke aya hii.) Ilyas, kijana aliyesomeshwa na Wajerumani na kuwapenda, anajiunga na jeshi lao, anakwenda vitani, harudi. Dada yake Afiya anangoja. Vita vinakwisha, miaka inapita, watoto wanazaliwa, na swali linakaa ndani ya nyumba kama mgonjwa: Ilyas yuko wapi? Hakuna jasusi, hakuna ramani iliyoibwa. Mpelelezi anapopatikana ni mpwa wake, aliyepewa jina lake, na anapekua nyaraka Ujerumani ya Magharibi baada ya vita vya pili. Anachokipata ni kwamba mjomba alifika Ujerumani, akaishi huko, akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen.

Hilo halikutungwa kutoka hewani. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa asili ya Sudan katika jeshi la Wajerumani, na mtoto aliingia vitani pamoja na baba kabla hajabaleghe. Mwaka 1929 alikuwa Berlin, akidai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Aliambiwa amechelewa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa mezani, akaoa, akaigiza katika filamu, na ya mwisho ikawa Carl Peters ya mwaka 1941, ya kumtukuza yule yule aliyezitia saini nchi zetu kwa hila. Alikamatwa mwaka huo huo kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akapelekwa Sachsenhausen, akafa huko Novemba 1944. Tangu 2007 kuna jiwe dogo la shaba kwa ajili yake katika barabara ya Brunnenstraße. Walimu wetu watalijali zaidi jambo moja: kwa miaka kadhaa mtu huyu alisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu cha Berlin. Alikuwa amesimama mahali wanaposimama wao.

Kuna wanachama wanaoona kwamba kumweka Husen katika makala ya ujasusi ni kulazimisha. Tunawajibu kwamba yeye ndiye ushahidi wetu. Mtu mmoja kati ya maelfu aliacha alama katika makaratasi kwa kuwa alikuwa msumbufu: alidai mshahara, alidai nishani, aliandika barua ofisi hadi ofisi. Kwa sababu hiyo mtafiti aliweza kuandika maisha yake, na mtunzi akapata pa kukanyaga. Yule kijana wa Rufiji hakumwandikia mtu barua.

Mpaka tunapeleka gazeti hili kiwandani, rasimu mbili za hadithi fupi zimeletwa kwa mhariri kutokana na mjadala huu, zote zikianzia Salale mwaka 1914. Katika moja mpiga kasia ana jina, ukoo, mke na deni kwa muuza chumvi. Mwandishi wa pili amekataa kumpa jina, anasema hana haki ya kulibuni, na anamwita yeye tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kikao kilichopita kilivunjika saa nne usiku kabla hatujakubaliana ni ipi ichapwe kwanza. Kikao kijacho ni Alhamisi, chumba kile kile, na walimu wameahidi kuja.